Je, Islam Yaamuru Mtoto Amwue Kunguru Wake?

Maswali mengi yanayotufikia kutoka kwa ndugu walioingia Islam karibuni huhusu Sala, ndoa, urithi na vyakula. Ni nadra kuulizwa habari ya ndege. Lakini swali moja lililotoka Songea, mkoani Ruvuma, lastahili kujibiwa kwa urefu, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko lionekanavyo kwa nje.

Muulizaji anakaa upande wa Matogoro, chini ya milima ile ambamo mto Ruvuma huanzia. Mwanawe wa miaka 9 aliokota kinda la kunguru lililoangushwa na upepo kutoka juu ya mkaratusi, siku chache kabla ya mvua za kwanza. Akalilisha ugali uliolowekwa, panzi na vipande vya dagaa mpaka likaota manyoya na kuruka. Sasa ndege huyo huenda apendako. Lakini mtoto akipiga mluzi wake, hushuka na kutua begani. Asubuhi humsindikiza hadi njia panda ya shule, na jioni humngojea juu ya bati. Huficha tonge za ugali chini ya majani makavu na kuzifukua baadaye. Watu wa nyumba hiyo wamjua na yeye awajua, na mgeni akibisha hodi, ndege ndiye wa kwanza kupiga kelele.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka jirani mmoja, mwenye kusoma vitabu kidogo, alipomwambia baba ya kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. amemwita kunguru fasiki na kuagiza auawe, na kwa hiyo si halali Mwislamu kumweka nyumbani. Mtoto alikuwapo akasikia. Usiku ule hakula. Akamwuliza baba yake kama dini hii waliyoingia ndiyo itakayomwua ndege wake. Baba hakuwa na jibu, ndipo akatuandikia.

Ndugu msomaji, ingekuwa rahisi kumtuliza mtoto kwa kusema ya kwamba hadithi hiyo haipo. Lakini ipo. Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea kutoka kwa Bibi Aisha r.a., ya kwamba viumbe watano waweza kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, ambako kuwinda kumekatazwa. Nao ni kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Tena katika riwaya moja ya Muslim, kunguru huyo ametajwa kwa sifa yake, ya kuwa ni mwenye mabaka. Na kunguru wa Songea, ambaye kifua chake na shingo yake ni nyeupe na kwingine kote ni mweusi, ana mabaka hasa. Basi jirani hakusema uwongo.

Kosa lake ni kwamba alisoma kwa jicho moja. Maneno ya Mtukufu Mtume s.a.w. yanaondoa dhambi kwa mtu aliyelazimika kuzuia madhara mahali ambapo hata kumfukuza swala kwataka tahadhari. Hayamtumi mtu kuzunguka vijijini akiwatafuta kunguru waliotulia. Wanavyuoni wakubwa waliuliza sababu ya hukumu hii, na wengi wao wakaiona kuwa ni madhara. Ndiyo maana wakatofautisha kati ya kunguru na kunguru. Yule wa mashambani alaye nafaka, wengi walisema hamo katika hukumu hii, na wengine wakahalalisha hata nyama yake. Kama jina la kunguru peke yake lingekuwa ndilo kosa, wasingewagawa. Tazama pia jinsi mbwa alivyotajwa: ni mbwa mkali, wala si kila mbwa.

Tena iko hadithi nyingine katika Bukhari na Muslim, isimuliayo juu ya nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi, naye akaamuru kijiji chao chote kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa wahyi: aliyemwuma ni mmoja, naye ameteketeza umati mzima umtukuzao Mungu. Ikiwa sisimizi asiye na kosa hachukui dhambi ya mwenziwe, je, kunguru wa Matogoro atachukua dhambi ya kunguru wa wapi?

Sisemi ya kwamba kunguru hawadhuru. Ndugu zetu wa pwani wanajua. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji. Akaongezeka, akavuka hadi bara, akaujaza mji wa Dar es Salaam, akawa anakula mayai na makinda ya ndege wa asili hata wengine wakatoweka katika bustani za mji. Wenye mamlaka wamelazimika kumpunguza kwa mitego na kwa sumu. Mwenye kufanya kazi hiyo kwa haja na bila kumtesa ndege, sina neno naye. Ruhusa ya hadithi yamfunika. Lakini huyo ni ndege mwingine, wa rangi nyingine. Yule wa Songea ni wa Afrika hii hii tangu zamani.

Sasa natuitazame Kurani Tukufu. Katika Sura ya Tano, aya ya 32 (kwa hesabu yetu, ambayo Bismillahi huhesabiwa kuwa aya ya kwanza), tunaelezwa habari ya mwana wa Adamu aliyemwua ndugu yake, kisha asijue la kufanya na maiti. Mwenyezi Mungu akampeleka kunguru, naye akafukua ardhi, ili amwonyeshe jinsi ya kusitiri mwili wa ndugu yake. Na yule mwuaji akajililia nafsi yake ya kuwa ameshindwa kuwa hata kama kunguru huyo.

Mwenyezi Mungu angeweza kumtuma malaika, au njiwa ambaye watu humsifu kwa upole. Akamchagua kunguru. Nao waliowachunguza ndege hawa katika zama zetu wameona mambo yanayolingana na uchaguzi huo. Kunguru kweli hufukua ardhi, huficha chakula na kukifunika, na hukumbuka mahali alipokiweka. Mtoto wetu ameyaona hayo uani kwao. Huko Seattle, Marekani, wataalamu wa chuo kikuu walivaa sura ya bandia walipowakamata kunguru kuanzia mwaka 2006, na kwa miaka mingi baadaye kunguru wa mji ule, hata wale ambao hawakukamatwa, walimzomea kila aliyevaa sura ile, huku wakiwaacha watu wengine wapite. Wataalamu wa huko huko walieleza mwaka 2015 jinsi kunguru wanavyokusanyika na kupiga kelele wamwonapo mwenzao amekufa. Hawamzika, tusizidishe. Lakini hawampiti kama jiwe. Yule mwuaji wa kwanza hakupewa mwalimu mpumbavu.

Nisisahau hofu nyingine, ambayo muulizaji ameitaja kwa ufupi, nayo ni kwamba baadhi ya majirani wanasema ndege kama huyu ni wa wachawi. Kwa hili jibu ni fupi. Waarabu wa zamani walikuwa wakimtisha ndege aruke, wakapiga ramli kwa upande aliokwenda. Hata neno lao la kisirani, tiyara, limetokana na neno la ndege. Mtukufu Mtume s.a.w. akalifuta jambo hilo. Mwislamu aliyeacha hirizi na mizimu, kisha akamwogopa kunguru, ameufunga mlango na kuliacha dirisha wazi.

Lakini swali la mtoto lingali mbele yetu, maana hakuuliza kama inaruhusiwa kumweka ndege. Aliuliza dini hii ni ya namna gani.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika kuieleza Sura Al-Fatiha, ametufundisha tofauti ya sifa mbili za Mungu ambazo watu wengi huzisoma kila siku kama kwamba ni neno moja lililorudiwa. Kwa sifa ya Rahimi, Mungu huzitunuku juhudi za mtendaji, na aliyepanda huvuna. Bali sifa ya Rahmani humpa kiumbe kabla hajatenda lo lote, na hata kama hawezi kutenda lo lote. Jua, mvua, hewa na maziwa ya mama havikulipiwa na mtu. Sifa hii haimhusu Mwislamu peke yake wala mwanadamu peke yake, bali kila chenye uhai hula katika sahani yake, kunguru akiwamo.

Sasa mtazame mtoto aliyepiga magoti chini ya mkaratusi. Kinda lile halikuwa na sauti nzuri. Kinda la kunguru ni mdomo mkubwa na ngozi tupu, na mtu mzima angelipita. Halikuwa na cha kumlipa, wala mtoto hakujua kama litaishi mpaka kesho. Alilipa chakula kwa sababu lilikuwa na njaa. Nathubutu kusema ya kwamba mtoto huyo, asiyeweza bado kulitamka neno Rahmani sawasawa, ameuonja mwanga wa sifa hiyo kuliko mimi ninayeieleza kwa wino.

Mtu aweza kunijibu ya kuwa sasa ndege anafuata ugali tu, wala hampendi mtoto. Huenda ikawa hivyo. Katika mkoa huo huo wa Ruvuma na ng'ambo ya mto, Msumbiji, yuko ndege aitwaye mlembe, ambaye wengine humwita kiongozi-asali. Huyu humwita mtu porini, humtangulia mti kwa mti hadi kwenye nyuki. Mtu hutwaa asali na ndege hupata nta na majana. Wayao wa Niassa humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno, nao husema walijifunza wito huo kwa baba zao. Wataalamu walioupima wito huo huko, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016, waliona ya kwamba autumiaye hupata kuongozwa na ndege mara 66 katika 100, lakini atumiaye sauti nyingine hupata mara 33 tu. Hiyo ni ajabu kubwa: ndege wa porini, asiyefugwa wala kufundishwa na mtu, amwitikia mwanadamu kwa jina, kana kwamba wana mkataba.

Lakini ni mkataba wa kazi kwa ujira. Tena mlembe huyo huyo hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake, likiwa bado kipofu, huwachoma kwa ncha ya mdomo makinda ya mwenye nyumba mpaka wafe. Sitaji haya ili kumchongea. Nataka msomaji aone ya kuwa hatuwahurumii ndege kwa sababu ni wema. Wema na ubaya wao si hesabu yetu. Huruma ni deni letu sisi, hata ndege akija kwa ajili ya ugali tu, na mtoto ambaye mapenzi yake hayangojei kulipwa hahitaji kwanza kuthibitisha kama kunguru anampenda.

Katika maisha ya Seyidna Ahmad a.s. kuna kisa kidogo kilichohifadhiwa na mwanawe, Hadhrat Mirza Bashir Ahmad r.a., katika kitabu cha Siratul Mahdi. Mwanawe mwingine, ambaye baadaye alikuwa Khalifatul Masihi II r.a., alipokuwa mtoto huko Qadian alifunga milango ya chumba akawa anawakamata shorewanda. Baba yake akamwona akiwa njiani kwenda katika Sala ya Ijumaa. Akamwambia ya kwamba ndege wa nyumbani hawakamatwi hivyo, na ya kwamba asiye na huruma hana imani. Fikiri: mtu aliyekuwa akiwajibu maadui wa Islam wa India nzima, tena akiwa anakwenda msikitini, alisimama kwa ajili ya shorewanda. Wala hakusema asiye na huruma ana upungufu wa adabu. Alisema hana imani.

Hapa napaswa kumgeukia mtoto wetu pia, maana mapenzi nayo yana hatari yake. Muulizaji amesema ya kwamba baada ya maneno ya jirani, mtoto alimfunga kunguru kamba mguuni, akamficha stooni asije akauawa. Mwanangu, mfungue. Kurani Tukufu, katika Sura ya 16, aya ya 80, yatuambia tuwatazame ndege katika anga, ya kwamba hapana awashikiliaye ila Mwenyezi Mungu. Alikuja kwako akiwa ameshikwa na mkono huo, na kila asubuhi aliporudi begani pako alirudi kwa hiari. Kamba yaweza kumzuia asiende, lakini haiwezi kumfanya arudi. Na unajua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: kosa lake ni kwamba alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie.

Pengine utaniambia ya kuwa hata Mtukufu Mtume s.a.w. alimjua mtoto aliyefuga ndege. Ni kweli, na hadithi hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote za mlango huu. Anas bin Malik r.a. alikuwa na ndugu yake mdogo, Abu Umair, ambaye alikuwa ameachishwa ziwa si zamani, naye alikuwa na kijindege cha kuchezea. Mtukufu Mtume s.a.w. alipokuwa akiitembelea nyumba yao, alikuwa akimwuliza mtoto yule, kwa maneno yenye vina kama ya wimbo, kijindege chake kimefanya nini. Siku moja alimkuta amehuzunika. Akaambiwa ndege amekufa. Akamwuliza tena mtoto mwenyewe habari za ndege wake.

Nilipokuwa chuoni ng'ambo, mwalimu wetu wa Hadithi alitumia siku mbili kwa maneno haya machache, nasi vijana tukanong'onezana kwamba amechoka kufundisha. Ndipo akatueleza ya kwamba mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliyekufa mwaka 335 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hii moja, akitoa ndani yake mafunzo 60. Miongoni mwa waliyoyatoa wanavyuoni humo ni ruhusa ya mtoto kucheza na ndege, maadamu hateswi. Mwalimu akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Baadhi ya wanavyuoni wanasema Abu Umair ndiye yule mwana wa Abu Talha na Ummu Sulaim aliyefariki angali mdogo, ambaye mama yake alimfunika nguo kwa subira ile mashuhuri mpaka mumewe alipopumzika. Ikiwa ndivyo, mtoto yule hakuishi sana baada ya ndege wake. Na katika maisha yake mafupi, jambo ambalo umma wote wa Islam unalikumbuka ni kwamba Mtume wa Mungu alimwuliza habari za ndege.

Basi haya ndiyo ninayomwambia ndugu yetu wa Songea. Kunguru wa mwanao na aishi, akiwa huru. Akila kifaranga cha jirani, lipa wewe, wala usingoje kudaiwa, maana hapo ndipo lile neno la madhara linapoanza kuwa na nguvu. Na akizoea kula vifaranga, itakubidi kumpeleka mbali, ukimweleza mtoto sababu bila kumficha. Watoto wengine wa mtaa wasianze kupanda mikaratusi kutafuta makinda yao. Katika Abu Daud tunasoma ya kwamba Masahaba walipowatwaa makinda wawili wa ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mabawa, Mtukufu Mtume s.a.w. aliuliza ni nani aliyemtia uchungu ndege yule kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Lililoanguka huokotwa, lililo kiotani lina mama yake.

Na itafika siku, labda mwaka huu au ujao, ndege atakapopevuka, atamwona mwenziwe juu ya vilima vya Matogoro, na jioni ile bati litakuwa tupu. Au litatokea lililo zito zaidi, mtoto amkute chini ya mti. Siku hiyo, ndugu yangu, usimwambie ya kuwa ni kunguru tu, wala usiharakishe kumwahidi mwingine. Keti karibu naye, umwulize habari za ndege wake, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.